Rula ya Chumba cha Pumzi

Hewa yote ya mtu haitoki. Puliza utakavyo, puliza mpaka macho yakutoke na mishipa ya shingo isimame, bado kuna hewa itakayobaki kifuani mwako, na itabaki humo mpaka siku ya kuzikwa. Ukibisha, jaribu. Wengi wamejaribu katika chumba kile cha chini, jirani na chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, na wote wameshindwa, wanajeshi na wapiga tarumbeta wakiwemo.

Aliyesimama pembeni yao wakishindwa alikuwa mwanamke wa kukaribia miaka arobaini ambaye hospitali nzima ilimwita Puliza. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini nani husoma kitambulisho? Kutwa sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi: "Puliza, puliza, puliza, bado, bado, usiache, puliza." Siku moja mkurugenzi alimwita kwa jina lake halisi, na Puliza akageuka kutazama nani anaitwa.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Fundi, basi, Fundi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa maneno machache, mwenye kalamu ya penseli juu ya sikio na kifutio mfukoni. Hewa ile inayobaki aliiita hewa baki, na somo lake la kwanza kwa Puliza lilikuwa kwamba haipimwi kwa kupuliza, maana haipulizwi. Inatafutwa kwa hesabu.

"Chukua mtungi uliofunikwa," alimwambia. "Hujui una maji kiasi gani, na huruhusiwi kufunua. Utafanyaje?"

"Nitautikisa."

"Utamtikisa mgonjwa? Tia ndani maji ya sukari uliyoyapima. Koroga. Vuta kidogo kwa mrija, onja. Kadiri utamu ulivyopungua, ndivyo maji ya ndani yalivyokuwa mengi."

Sukari ya chumba kile ilikuwa heliamu, ile gesi nyepesi ya kujazia maputo. Mgonjwa alibanwa pua, akauma kipande cha mpira, akapumua kawaida ndani ya mashine iliyofungwa pande zote. Kalamu ya mashine ilichora pumzi zake kwenye karatasi, mawimbi ya kupanda na kushuka. Gesi ikishatulia, unasoma imepungua kiasi gani, unachukua penseli, unaanza kutoa na kujumlisha. Kompyuta ilikuwepo mezani, ila Fundi aliitumia kuwekea kofia yake. Inajumlisha haraka, alisema, lakini haimwoni mtu.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, Fundi alikaa mwenyewe kwenye kiti, akajibana pua na kupumua. Ndiyo kawaida ya kazi hiyo: mashine hupimwa kwa mtu anayejulikana. Mapafu ya mtu mzima hayabadiliki wiki hadi wiki, kwa hiyo namba ikibadilika, mashine ndiyo yenye kasoro. Miaka kumi na tisa aliiandika namba yake katika daftari lenye jalada jeusi, na karatasi ya mchoro akaibandika ukurasa wa pili. Hewa baki ya Fundi: lita moja nukta sita. Ilikuwa hivyo masika na kiangazi.

"Mimi ndiye rula ya chumba hiki," alikuwa akisema.

"Na mimi nipime siku moja, Fundi. Tulinganishe."

"Chumba kimoja, rula moja. Ukiweka mbili zitagombana, nawe utakaa kutwa unasuluhisha rula badala ya kupima watu."

Puliza alicheka. Miaka tisa aliyofanya kazi chini yake hakukikalia kile kiti hata mara moja.

Sasa sikiliza kosa lao, maana ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wa kazi ile tu. Mwaka wa mwisho wa Fundi, namba ya Jumatatu ilianza kupanda. Moja nukta saba. Moja nukta tisa. Mbili. Mtu mwingine yeyote angesema mzee anaumwa. Wao walisema mashine inavuja. Walibadilisha mipira, wakabadilisha chokaa ya kufyonza pumzi chafu, wakapaka sabuni kwenye kila kiungio kutafuta povu. Povu halikutoka. Namba ilipofika mbili nukta mbili, Puliza ndiye aliyetoa wazo: kwa kuwa mashine inazidisha nukta sita, tuitoe hiyo nukta sita kwenye kila hesabu, tuendelee na kazi.

"Akili hiyo," alisema Fundi, akafuta mbili nukta mbili kwa kifutio, akaandika moja nukta sita. Alifurahi, na Puliza alifurahi kuona amefurahi.

Miezi minne baadaye Fundi alizikwa. Kifua. Mashine haikuwa imevuja hata tone. Ilikuwa ikisema kweli kila Jumatatu, na wao walikuwa wakiisahihisha. Mganga hajigangi, watu walisema msibani, kwa upole, bila kujua wanamchoma nani. Puliza alirudi kazini, akatafuta nakala za wagonjwa wote wa miezi ile minne, akairudisha nukta sita mahali pake na kuwaandikia madaktari barua moja moja. Barua zilisema "hitilafu ya mashine." Hata hapo aliisingizia mashine. Hakumwambia mtu ukweli, akaanza kukaa mwenyewe kwenye kiti kila Jumatatu. Hewa baki yake: moja nukta tatu. Daftari lilikuwa lile lile, na ukurasa wake wa kwanza ulitazamana na wa mwisho wa Fundi, wenye alama ya kifutio.

Miezi minane ilipita hivyo, kimya. Kisha akaletwa shemeji yake.

Alikuwa mume wa mdogo wake, yule wa mwisho nyumbani ambaye mpaka leo familia inamwita Kitinda ingawa ana watoto watatu. Shemeji alikuwa seremala, mtu wa mikono mikubwa na utani mwingi, na vumbi la mbao alikuwa amelivuta miaka ishirini pamoja na sigara. Picha ilionyesha uvimbe juu ya pafu la kushoto. Daktari wa upasuaji alitaka kuukata upesi, kabla haujatembea, lakini alikuwa na sharti lake ambalo hospitali nzima ililijua: hewa baki ikizidi nusu ya hewa yote ya mapafu, hashiki kisu. Mtu wa namna hiyo, alisema, unamlaza vizuri na hushindwi kumshona, lakini hapumui tena.

Basi maisha ya shemeji yalikuwa yamening'inia kwenye namba moja, na namba hiyo ilikuwa mikononi mwa Puliza, kwa kuwa mpimaji mwingine hakuwepo.

Walifika saa tatu asubuhi. Kitinda alibaki kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Shemeji, leo umenipata," seremala alisema akikaa. "Miaka yote unatafuta sababu ya kunibana pua."

"Kaa wima, acha maneno. Ukicheka gesi inatoka."

"Nikifaulu utanipa nini?"

"Nitakuacha uende. Uma mpira."

Alisema hivyo, lakini mikono yake ilikuwa baridi. Tuseme ukweli: kabla hata shemeji hajauma ule mpira, Puliza alikuwa ameshaichagua namba anayoitaka.

Akafungua gesi. Shemeji akapumua, kalamu ikaanza kupanda na kushuka. Mashine ilikuwa ikinguruma kidogo kama kawaida, na upande wa pili wa ukuta ngoma za kufulia zilikuwa zikizunguka. Puliza alitazama saa. Dakika ya pili alitazama karatasi, akadhani macho yake yana usingizi.

Kila shemeji alipomaliza kutoa pumzi, kalamu ilipumzika chini kidogo kabla ya kupanda tena. Pale chini, mahali ambapo mstari ulipaswa kuwa umenyooka, palikuwa na kiwimbi. Kidogo, cha mviringo, kilichochorwa safi. Kilipanda kikashuka, ndipo wimbi kubwa la shemeji likafuata. Kisha kiwimbi tena. Kuna mtu mwingine alikuwa akipumua mle ndani, na alikuwa akingoja zamu yake kwa adabu.

Puliza aliinama, akagusa mipira yote. Imekaza. Aligusa meza, haitikisiki. Akamtazama shemeji kifuani: kifua kilipanda kilipopaswa, kikatulia kilipopaswa, na wakati kimetulia kalamu ilipanda peke yake. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Shemeji, mdomo umejaa mpira, alimkonyeza jicho kuuliza kama anafanya vizuri.

"Endelea hivyo hivyo," Puliza alisema.

Gesi ilichukua dakika saba kutulia. Kwa kawaida ni nne. Alimfungua, akampa maji, akakaa na penseli. Hewa iliyobaki kifuani baada ya pumzi ya kawaida: lita nne kamili. Toa nukta nane, ambayo shemeji aliweza kuisukuma nje kwa nguvu: inabaki tatu nukta mbili. Hiyo ndiyo hewa baki. Ongeza mbili nukta tisa za pumzi yake kubwa kuliko zote: hewa yote ni sita nukta moja. Tatu nukta mbili katika sita nukta moja ni asilimia hamsini na mbili.

Imezidi nusu. Kwa kidogo sana, lakini imezidi.

Penseli ilikuwa bado mkononi, na mkono, bila kuulizwa, ukaandika pembeni hesabu nyingine. Toa nukta sita. Hewa baki mbili nukta sita, hewa yote tano nukta tano, asilimia arobaini na saba. Ukiitoa nukta sita, shemeji anakatwa uvimbe, anapona. Nukta sita ile ile. Puliza aliitazama hesabu hiyo ndogo pembeni mwa karatasi, akaifunika kwa kiganja.

"Vipi, shemeji?" seremala aliuliza. "Mbona umekuwa kama umeona mzimu?"

"Tutarudia. Pumzika kwanza."

Wakati anapumzika, Puliza alilitoa daftari jeusi kabatini. Hakujua anatafuta nini, au alijua na hakutaka kujiambia. Alifungua ukurasa wa Jumatatu ya mwisho ya Fundi, akabandua mchoro wake taratibu, akaenda nao dirishani. Akaweka karatasi ya shemeji juu yake, akazishikilia zote mbili kwenye kioo ili mwanga upite.

Fundi alikuwa na namna yake ya kupumua. Pumzi mbili fupi, ya tatu ndefu iliyopanda juu zaidi, kama mtu aliyekumbuka kitu. Puliza angeitambua hata ingechorwa mchangani. Viwimbi vya karatasi ya leo vilikuwa viwili vifupi, cha tatu kirefu. Viwili vifupi, cha tatu kirefu. Alisogeza karatasi kidogo kushoto, vikalala juu ya mawimbi ya Fundi bila kupishana hata unywele.

Alikaa chini palepale kwenye kigoda. Hofu ilimjaa, na ndani ya hofu, naona aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa, akapata nafuu. Kwa sababu ikiwa Fundi yumo kwenye mashine, basi ile nukta sita ni yake, hewa ya marehemu iliyobaki kwenye mipira, na kuitoa si kudanganya. Ni kusahihisha tu.

Alimpima shemeji mara ya pili. Namba ile ile, viwimbi vile vile. Alimtoa, akakaa yeye mwenyewe, akajibana pua. Mchoro wake ukatoka safi, chini umenyooka, hewa baki moja nukta tatu. Akatoka nje, akaenda mlango wa pili na kumwita mwanamke mnene aliyesimamia mashine za kufulia, ambaye kila mtu alimwita Mama Dobi.

"Njoo unipulizie mara moja."

"Mimi? Nina mashuka sabini ndani."

"Dakika tano, mama. Nakuomba."

Mama Dobi alipuliza, akalalamika kwamba ule mpira una ladha ya kandambili, akarudi kwa mashuka yake. Mchoro wake nao safi. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Viwimbi vilikuja kwa shemeji peke yake.

Simu ikalia. Daktari wa upasuaji.

"Namba yangu iko wapi? Nafunga orodha ya wiki saa sita."

"Nakuletea, daktari."

"Iko chini ya nusu?"

Puliza aliigeuza karatasi kifudifudi. "Nakuletea," alisema tena.

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alimtazama mumewe aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni, kisha akamvuta dada yake koridoni.

"Dada, kuna nini?"

"Imezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Kitinda, aliyelala chumba kimoja naye utotoni, alimsoma usoni.

"Unaweza kuipunguza," alisema kwa sauti ya chini. "Naona unaweza. Dada, si namba tu? Nani atajua? Akisema hapana leo, ule uvimbe utamla. Wanangu utawaambia nini?"

"Ngoja nimalize hesabu."

"Hesabu! Mimi nakuomba mume, wewe unaniambia hesabu."

Puliza aliingia, akafunga mlango, akakaa mbele ya karatasi zile mbili. Ilikuwa saa tano na nusu. Upande wa pili wa ukuta ngoma za kufulia zilikuwa zimesimama, na chumba kikawa kimya kabisa. Mashine ilikuwa imezimwa. Hata hivyo alihisi mtu amesimama nyuma ya bega lake la kulia, pale pale alipozoea kusimama Fundi kukagua hesabu zake. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka hataona mtu, na hilo ndilo lililomtisha.

"Fundi," alisema polepole, "kama ni wewe, nionyeshe ni kiasi gani nitoe."

Akashika penseli, na kwa kuwa alikuwa ameulizwa hesabu miaka tisa na mtu yule, akaanza kufanya hesabu. Sawa. Tuseme Fundi alikuwa akipumua mle ndani. Mtu anayepumua ndani ya mashine haingizi nukta sita. Anaingiza mapafu yake yote. Kifua cha Fundi siku zile za mwisho, akiwa ametulia, kilikuwa na lita tatu na nusu, zipo daftarini. Toa tatu na nusu katika nne za leo. Shemeji anabaki na nusu lita.

Nusu lita ni kifua cha mtoto wa chekechea. Haiwezi kuwa ya mwanamume aliyeshuka ngazi kwa miguu yake na kutania.

Alirudia hesabu. Ilitoka vile vile. Fundi alikuwa amechora pumzi yake kwenye karatasi, lakini hakuwa ameleta hewa. Hata tone. Marehemu hana ujazo. Lita nne zote zilikuwa za shemeji, na nukta sita nayo ilikuwa ya shemeji, hewa iliyonaswa kwenye mapafu yaliyochoka, na akilazwa mezani nayo hatapumua tena.

Ndipo Puliza akaelewa, na machozi yakamtoka bila sauti. Wagonjwa zaidi ya mia walikuwa wamepita kwenye kiti kile tangu msiba, wengine wabaya kuliko shemeji, na michoro yao yote ilikuwa safi. Kwao hakuwa na hamu ya kufuta. Fundi alikuwa amekuja kumzuia mahali pale pale ambapo mkono wake mwenyewe uliwahi kukosea kwa kifutio.

Aliandika kwa wino: hewa baki tatu nukta mbili, asilimia hamsini na mbili. Akatia sahihi, akaipeleka ghorofani mwenyewe kabla moyo haujageuka.

Daktari aliisoma, akatikisa kichwa, akalifuta jina la seremala kwenye orodha. Kitinda alilia pale pale koridoni, na alipomaliza kulia alimwambia dada yake neno ambalo Puliza alilibeba wiki tatu nzima.

"Jina lako wamekupa la kweli. Unauma na kupuliza."

Mumewe alimshika mkono. "Twende, mke wangu. Shemeji kafanya kazi yake." Hakutania tena siku ile.

Wiki tatu Kitinda hakupokea simu za dada yake. Daktari wa mapafu alikuwa amempa seremala dawa za kuvuta, za kufungua njia ili hewa iliyonaswa itoke, akamkataza sigara na vumbi na kumwamuru kutembea kila siku. Uvimbe nao haukuwa ukingoja. Kila usiku Puliza alifikiria ule uvimbe, akajiuliza kama amemuua mtu kwa ukweli badala ya kwa uongo, jambo ambalo halipunguzi kitu kwa mwenye kufiwa.

Walirudi asubuhi moja, Kitinda akimtazama dada yake puani badala ya machoni. Shemeji aliuma mpira. Kalamu ikapanda na kushuka, na chini, kati ya wimbi na wimbi, mstari ulikuwa umenyooka. Gesi ilitulia dakika ya nne. Hewa baki mbili nukta sita. Asilimia arobaini na tano. Puliza alifanya hesabu mara tatu kwa penseli, kisha akaifanya mara ya nne kwa kompyuta, jambo ambalo Fundi asingelisamehe.

Shemeji alikatwa uvimbe siku ya Alhamisi. Jumamosi alikuwa ameketi kitandani, akimwuliza nesi kama kitanda kile kimetengenezwa na seremala au na adui wa seremala. Kitinda alishuka hadi chumba cha chini, akasimama mlangoni akichezea mkanda wa mkoba.

"Daktari kasema siku ile angemfia mezani," alisema. "Lile neno langu, dada..."

"Lilikuwa zuri. Nimelipenda."

Wakacheka, na baada ya kucheka wakakaa bega kwa bega kwa muda mrefu, jambo walilokuwa hawajalifanya tangu usichana wao.

Hapo ningekoma, kama ningekuwa nasimulia ili kukufurahisha. Lakini ilibaki Jumatatu.

Puliza alikuwa amevunja sheria ya Fundi. Tangu siku ile ya shemeji, chumba kilikuwa na rula mbili: kila Jumatatu alipima mwili wake, kisha akamwita Mama Dobi. Jumatatu ya kabla ya iliyopita namba yake ilikuwa imetoka moja nukta nne badala ya moja nukta tatu. Alisema ni baridi ya chumba. Iliyopita ikatoka moja nukta tano. Alisema ni mafua. Jumatatu hii alikaa, akajibana pua, akapumua. Moja nukta saba.

Wazo lilikuja lenyewe, limevaa nguo zake za kila siku: labda mpira unavuja.

Akamwita Mama Dobi. Mama Dobi akapuliza, akalalamika ladha, akaondoka. Namba yake ilikuwa ile ile ya wiki zote. Mashine ilikuwa nzima.

Puliza alirudi kwenye kiti, akauma mpira tena. Safari hii hakutazama saa, alitazama karatasi. Wimbi lake lilipanda, likashuka, kalamu ikafika chini kupumzika. Kisha, akiwa ametulia tuli na kifua chake hakisogei, kalamu ikapanda. Kiwimbi kifupi. Akavuta pumzi yake, akaitoa. Kiwimbi kifupi tena. Hakuutoa mpira mdomoni. Alipumua na Fundi kwa zamu, pumzi ya huyu, kisha ya yule, kama walivyokuwa wakipokezana penseli.

Alipoiachia pua na kusimama, kalamu ilipanda mara moja zaidi, peke yake, ile ndefu, ya mtu aliyekumbuka kitu. Ikashuka, ikatulia.

Kifutio cha Fundi kilikuwa bado kwenye droo. Puliza alikiona, akafunga droo. Aliandika moja nukta saba kwenye daftari jeusi, kisha akampigia mdogo wake simu.

"Njoo unisindikize ghorofani, kwa daktari wa mapafu."

"Shemeji yako kazidiwa?"

"Hapana. Ni mimi."

"Nakuja," alisema. "Usitoke hapo."

Akimngoja, Puliza alivuta fomu moja mpya kutoka kwenye rundo. Mahali pa jina la mpimaji aliacha wazi. Mahali pa mgonjwa aliandika jina lake lile la kwenye kitambulisho, kwa wino, akakaa kwenye benchi la koridoni na fomu mapajani.